Tasfida ya "Dawa ya Mgongo" Isitugharimu Maisha

Wahenga walinena kwamba mficha uchi hazai. Methali hiyo nimeitumia darasani kwa miaka mingi, na wanafunzi wangu huicheka kidogo, kisha huiandika daftarini na kuisahau. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeizoea kama mtu anavyoizoea picha iliyotundikwa ukutani. Mwezi wa Agosti mwaka 2024 nilikumbushwa, katika wodi ya hospitali moja mjini Bungoma, kwamba methali si pambo la insha.

Nilikuwa nimesafiri kutoka Kitale pamoja na rafiki yangu wa siku nyingi, mwalimu wa shule ya upili katika kaunti ya Trans Nzoia. Ameniruhusu nisimulie kisa chake mradi jina lake nisilitaje. Ulikuwa mwaka wa tohara, na Wabukusu, kama ijulikanavyo, hutahiri wavulana wao katika miaka inayogawika kwa mbili. Tulikuwa tumealikwa kwa wakwe zake. Kabla ya kuondoka Kitale alinitaka nisimamishe gari, akaingia katika duka moja dogo lililouza sabuni, betri na dawa chache. Nilimsikia akisema kwa sauti ya chini, "Nipe ile dawa ya mgongo." Muuzaji hakumwuliza mgongo unamwuma wapi wala tangu lini. Alitabasamu, akachukua mkasi, akakata vidonge viwili kutoka kwenye karatasi yake ya bati, akavifunga katika kipande cha gazeti, akapokea pesa. Hakuuliza swali wala hakutoa onyo lolote.

Tulishika njia ya Kiminini na Kamukuywa hadi Webuye, tukapinda kuelekea Bungoma. Alasiri ilitukuta tumeketi kuuzunguka mtungi wa busaa pamoja na wazee, kila mmoja na mrija wake mrefu. Kabla ya giza kuingia, mwenzangu alimeza kidonge kimoja kwa siri, na baada ya saa moja hivi, kwa kuona kwamba hajahisi lolote, akameza cha pili. Mrija haukumtoka mkononi. Yapata saa tatu za usiku alisimama ili aage. Hakupiga hatua tatu. Alianguka chini kama gunia la mahindi lililokatwa kamba.

Hospitalini, muuguzi aliyetupokea alikuwa binti aliyefundishwa na huyu huyu mwalimu. Miguuni pa kitanda alisimama baba mkwe wake. Binti aliuliza kwa adabu, "Mwalimu, kuna dawa yoyote uliyokunywa leo?" Mgonjwa alifumbua macho, akamtazama mwanafunzi wake, akamtazama mkwewe, akajibu, "Dawa ya mgongo tu." Binti akaandika kwamba mgonjwa ametumia dawa ya maumivu.

Mpenzi msomaji, naomba tutue hapa kidogo. Mimi ni mtu wa isimu, na kazi yangu ni maneno. Maneno matatu yale yale, "dawa ya mgongo", yalisemwa Kitale na yakasemwa Bungoma, safari isiyofika hata kilomita mia moja, katika siku moja, na kinywa kimoja. Kitale yalieleweka barabara kwa sababu muuzaji na mnunuzi walishiriki siri. Bungoma yalieleweka vingine kabisa, kwa sababu binti yule aliyachukua kama yalivyo. Hakuna aliyesema uongo wala aliyekosa adabu. Hata hivyo, cheti cha mgonjwa kilibeba habari ambayo ingeweza kumwua.

Nasema ingeweza kumwua, wala sitii chumvi. Shinikizo lake la damu, lililokuwa limeshuka mno, lilipoanza kupanda baada ya kutiwa maji mshipani, kifua chake kiliendelea kubana. Daktari wa zamu akawa anafikiria kwamba huenda huo ni ugonjwa wa moyo, na katika ugonjwa huo mojawapo ya dawa zinazotumiwa ni zile za jamii ya nitrati, kama vile nitrogliserini inayowekwa chini ya ulimi. Kabla ya kuitoa, daktari alifanya jambo ambalo nitamshukuru daima. Alitutoa sote nje, akafunga mlango, akamwuliza mwalimu kwa Kiswahili kisicho na pazia: "Umemeza dawa ya kusimamisha uume? Ipi? Ngapi? Saa ngapi?" Mwalimu akajibu. Nitrati haikutolewa.

Kwa nini swali hilo lilikuwa na uzito kiasi hicho? Yafaa tuelewe jinsi dawa hizi zinavyofanya kazi, maana wengi huzimeza wakiamini kwamba ni aina ya mbolea ya nguvu za kiume. Sildenafili, ambayo ulimwengu uliijua kwanza kwa jina la Viagra, ilitengenezwa na watafiti wa kampuni ya Pfizer katika mji wa Sandwich nchini Uingereza. Hawakuwa wakitafuta tiba ya chumbani. Walikuwa wakitafuta dawa ya moyo, ya kupunguza maumivu ya kifua yanayotokana na upungufu wa damu. Katika majaribio ndipo ikabainika kwamba ina athari nyingine mahali pengine. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliiidhinisha mwezi wa Machi mwaka 1998, na mwaka 2003 ikaiidhinisha ndugu yake, tadalafili, inayojulikana pia kama Cialis.

Dawa hizi hazimletei mtu ashiki asiyokuwa nayo. Mwili wenyewe, unapopata ashiki, hutoa ujumbe wa kulegeza misuli ya mishipa ya damu ili damu ijae katika uume. Kipo kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuufuta ujumbe huo. Kidonge hukizuia kimeng'enya hicho, na ujumbe ukadumu. Lakini kidonge hakina macho ya kuona mshipa upi ulegezwe na upi uachwe. Hulegeza mishipa mwilini kote, na ndiyo maana watumiaji wengine huumwa na kichwa, huwashwa uso kwa joto au huhisi kizunguzungu.

Sasa ingiza pombe. Pombe nayo hutanua mishipa ya damu. Vinapokutana viwili hivi, shinikizo la damu laweza kushuka, hasa mtu anapoinuka ghafla baada ya kuketi kwa muda mrefu. Moyo hukimbia ukijaribu kuziba pengo, kichwa huzunguka, na mtu huweza kuzirai. Rafiki yangu alikuwa ameketi kwa saa tano. Ongeza nitrati juu ya hayo, nayo inafuata njia ile ile ya ujumbe niliyoieleza, na shinikizo laweza kuporomoka hadi moyo na ubongo ukose damu. Ndiyo sababu maelezo rasmi ya dawa hizi hukataza kabisa zisichanganywe na nitrati. Aliyemeza sildenafili asipewe nitrati kabla ya saa 24 kupita, na aliyemeza tadalafili asipewe kabla ya saa 48.

Je, hii ina maana kwamba anayetumia kidonge hiki asiguse pombe hata tone? Sitaki kuandika kama mhubiri, kwa kuwa anayekatazwa kila kitu mwishowe hasikii chochote. Ukweli ni kwamba watu wenye afya njema waliojitolea kupimwa, wakapewa miligramu 50 za sildenafili pamoja na kiasi cha wastani cha pombe, hawakuonekana kushuka shinikizo kuliko waliokunywa pombe peke yake. Kuhusu tadalafili, maelezo rasmi yanaonya juu ya vipimo vitano vya pombe au zaidi. Kipimo kimoja kwa hesabu hiyo ni takriban mililita 10 za kileo halisi. Chupa ya nusu lita ya bia yenye asilimia 4.2 ya kileo ina mililita 21, yaani vipimo viwili na kidogo. Basi chupa mbili na nusu tayari zimemfikisha mtu kwenye mpaka. Chupa ndogo ya mililita 250 ya pombe kali yenye asilimia 40 ina vipimo kumi, mara mbili ya mpaka huo.

Hesabu hiyo yawezekana kwa kinywaji chenye kibandiko. Lakini ni nani awezaye kuhesabu kilichomo mtungini? Busaa hutofautiana mpishi kwa mpishi na siku kwa siku, na anayefyonza kwa mrija hajui amekunywa bilauri ngapi. Ama chang'aa, hiyo haifai kutajwa katika mizani hii. Sheria ya mwaka 2010 ya kudhibiti vileo iliihalalisha kwa masharti ya kutengenezwa na kufungashwa rasmi, lakini inayochemshwa vichochoroni imebaki kuwa ile ile, na methanoli imewapofusha na kuwaua Wakenya wengi kwa nyakati tofauti. Anayekunywa chang'aa ya kichochoroni yuko hatarini hata kabla ya kumeza kidonge.

Kuna kinaya kingine ambacho wanywaji hawapendi kukisikia. Pombe yenyewe ni miongoni mwa visababishi vya tatizo linalowapeleka dukani. Hulegeza neva, na ikinywewa kwa wingi miaka nenda miaka rudi huharibu neva hizo na kupunguza homoni za kiume. Jambo hili si siri ya karne yetu. Katika tamthilia ya Macbeth, Shakespeare alimpa bawabu mlevi kazi ya kulieleza, akionyesha jinsi pombe inavyochochea tamaa na kuuvunja uwezo papo hapo. Ndivyo mtu anavyokunywa ili ajipe moyo, uwezo ukapungua, akameza kidonge ili aurudishe, na kidonge kisipofanya kazi upesi, akameza cha pili. Hajui kwamba nyama choma yenye mafuta aliyoila huweza kuichelewesha sildenafili kwa takriban saa nzima. Maelezo husema kidonge kimoja tu katika saa 24. Rafiki yangu alimeza viwili kwa saa moja.

Hayo yote yameandikwa. Yamo katika karatasi nyembamba iliyokunjwa ndani ya kila kipakiti, kwa Kiingereza, kwa herufi ambazo mwenye miwani huzisoma kwa shida. Lakini anayeuziwa vidonge viwili katika kipande cha gazeti haioni karatasi hiyo, na angeiona pengine asingeielewa. Hapa ndipo ninapowageukia walimu wenzangu na wanafunzi wetu, kwa maana hili ni suala la lugha kama lilivyo la afya.

Tunafundisha kwamba tasfida ni matumizi ya maneno ya adabu mahali pa maneno makali. Tunafundisha vyema, na sina nia ya kuivunja adabu hiyo. Mbele ya mkwe, mtu hawezi kuutaja uume wake, na jamii isiyo na haya ya aina hiyo imepoteza kitu. Hata hivyo, tumesahau kuongeza somo la pili, kwamba tasfida ina mahali pake. Ni vazi la barazani. Mtu havai koti mbele ya daktari anayetaka kuusikiliza moyo wake. Pale kwenye dirisha la duka la dawa na kitandani hospitalini, jina halisi ndilo adabu, na fumbo ndilo utovu wa busara.

Isitoshe, lugha yetu imewaweka wanaume katika njia panda mbaya. Upande mmoja kuna mafumbo, "mgongo" na "jogoo asiyewika". Upande wa pili kuna neno "hanithi", ambalo limekuwa tusi kiasi kwamba hakuna mgonjwa awezaye kujiita hivyo mbele ya mtu. Kati ya fumbo na tusi hatukuacha nafasi ya neno la kawaida, neno la kitabibu lisilochekesha wala kudhalilisha. Napendekeza tuseme "tatizo la kusimika" na "dawa ya kusimika", tuyaandike vitabuni na kuyatamka darasani bila kukonyezana, hadi yazoeleke kama tulivyozoea "shinikizo la damu". Tumewahi kufanya hivyo. Wakati Ukimwi ulipoingia, majirani zetu wa Uganda waliuita ugonjwa wa kukonda, nasi tulikuwa na mafumbo yetu. Watu walizikwa kwa majina ya magonjwa mengine. Tulipoanza kuutaja kwa jina lake, mtu aliweza kwenda kupimwa na kuomba dawa.

Nimeutaja Ukimwi kwa sababu nyingine pia. Baadhi ya dawa za kupunguza makali ya virusi, hasa zenye ritonaviri, huzuia sildenafili isitoke mwilini haraka, ikajilimbikiza. Anayezitumia hana budi kumweleza daktari wake, apunguziwe kipimo. Vivyo hivyo kwa wanaotumia dawa za shinikizo na baadhi ya dawa za tezi ya kibofu. Nao wanaojihisi salama kwa kuwa wanatumia "miti shamba" wajihadhari. Mzizi wa mukombero unaotafunwa katika masoko yetu ya magharibi ni jambo moja. Unga na asali za chupa zinazodai kuwa za mitishamba ni jambo jingine. Mamlaka ya Marekani imegundua mara nyingi, ikiwemo mwaka 2022, bidhaa za namna hiyo zilizotiwa sildenafili au tadalafili bila kuandikwa. Mtu hudhani ameramba asali, kumbe amemeza kidonge.

Kwa wanafunzi wa vyuo nina neno moja. Najua vidonge hivi vinazunguka mabwenini mwenu, na kwamba vinamezwa na vijana wasio na tatizo lolote, juu ya pombe kali, kwa hofu ya kuchekwa tu. Kijana, dawa haikuongezei uanaume. Inakushushia shinikizo la damu usiku ambao hakuna mwenzako mwenye akili timamu ya kukupeleka hospitali. Na kusimika kusikokoma kwa zaidi ya saa nne si jambo la kujisifia. Ni dharura, na anayekawia huweza kudhurika maisha yake yote.

Serikali nayo ina deni. Ibara ya 7 ya Katiba ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, na ibara ya 46 inampa mlaji haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike na bidhaa, pamoja na haki ya kulindiwa afya yake. Habari isiyosomeka si habari. Bodi ya Famasia na Sumu yafaa idai kwamba maelezo ya dawa, angalau maonyo yake makuu, yaandikwe kwa Kiswahili pia, na kwamba vidonge vya aina hii visikatwe kwa mkasi na kuuzwa kama peremende. Nasi wa vyuo vikuu tusingoje kuombwa. Kutafsiri karatasi moja ya dawa ni kazi ya juma moja kwa darasa la tafsiri, na huenda ikaokoa watu wengi kuliko tasnifu zetu zilizojaa vumbi.

Kwa wakati huu, mwalimu aliye Kitale au Bungoma na ashike haya machache. Amwone daktari kwanza, apimwe moyo, shinikizo na sukari. Asizidishe kidonge kimoja kwa siku. Siku ya kidonge, kama hawezi kuacha pombe, aishie kwenye chupa moja, iwe yenye kibandiko, na ainuke polepole wala asishike usukani. Kifua kikimbana au akizirai, aende hospitali mara moja, na akifika huko aitaje dawa kwa jina lake.

Rafiki yangu alitoka wodini baada ya siku mbili. Kabla hajaruhusiwa, vipimo vilionyesha kwamba sukari yake ilikuwa juu, tena kwa muda mrefu. Daktari alimweleza kwamba tatizo la kusimika mara nyingi huwa ndilo tarishi wa kwanza wa kisukari au wa ugonjwa wa moyo, miaka kadhaa kabla ya dalili nyingine. Tarishi huyo alikuwa amebisha hodi kwa rafiki yangu kwa miaka miwili, naye akawa anamjibu kwamba ni mgongo tu.